Kumi kwa Kumi

Nilishuka matatu kwenye Barabara ya Juja saa tatu asubuhi, mgongo nikiupa ukuta wa kambi ya wanahewa ya Moi, Eastleigh. Ng'ambo ya barabara ardhi inakatika. Mathare ni bonde, na kabla ya kuwa mtaa lilikuwa machimbo ya mawe. Mawe yalipanda kwenda kujenga jiji, shimo likaachiwa watu.

Mhariri alikuwa ameniagiza makala kuhusu mchango wa Kenya katika sayansi ya anga za juu. Ningeweza kuanzia kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Lakini miezi kadhaa nyuma, katika warsha ya wachora ramani kule kwetu Malindi, kijana mmoja wa Mathare aliniambia neno ambalo halikunitoka: "Mzee, hizo setilaiti zikifika kwetu hupotea njia." Nikamwomba anipeleke pale zinapopotelea.

Alikuwa akinisubiri kando ya banda la mitumba, simu mbili mkononi, moja ya kupiga, moja ya kazi. Ana miaka thelathini na kitu, na alianza kuchora ramani ya mtaa huu alipotoka tu shule ya upili.

"Ukitaka kujua setilaiti inaona nini," akasema, "usianze na huko juu. Anza na keja, chumba chenyewe."

Tukateremka. Vichochoro vya Mathare ni vya kupita mmoja mmoja, na anayepanda na ndoo ya maji hupishwa bila kuuliza. Chini mtaro wa maji ya sabuni, juu waya za stima zilizosukwa kama nywele, na kila baada ya hatua kadhaa ncha ya bati inayokuomba uiname. Harufu ya chapati ndiyo iliyotufikisha.

"Karibu baba, lakini viatu viache hapo," mama mwenye chumba akaniambia, mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alipoona mwenyeji wangu akichomoa futi kutoka mfukoni, akacheka. "Mnapima tena? Mimi nishapimwa mara tatu na sijaongezwa hata inchi."

Futi kumi upande huu, futi kumi upande ule. Kumi kwa kumi. Nairobi nzima wanakijua kipimo hiki, ni cha kukodisha na pia ni cha kuishi. Kwa mita ni tatu kwa tatu na punje. Ndani yake niliona kitanda, pazia la maua lililokigawa chumba, kochi la watu wawili, jiko, madumu manne ya maji, runinga iliyofunikwa kitambaa, na kibao cha kusukumia chapati kilichoegemezwa ukutani kama picha ya mtakatifu. Kwetu tunasema macho hayana pazia. Humu macho hayana pazia, lakini kila chumba kinalo.

Kijana akachuchumaa mlangoni, akanionyesha skrini ya simu ya kazi. Bonde lote lilikuwa limegeuka vigae vya mraba vya rangi ya kutu. Ilikuwa picha ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kigae kimoja, yaani pikseli moja, ni mita kumi kwa mita kumi.

"Sasa piga hesabu," akasema. "Kumi kwa kumi ya mita inameza kumi kwa kumi ya futi ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Vyumba kumi na ushee. Familia kumi, majiko kumi, mapazia kumi, vyote vimekuwa kidoa kimoja cha rangi ya kutu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, eneo la kilomita za mraba tatu hivi. Kwa macho ya setilaiti ile, hapo pana vigae elfu thelathini. Gawanya mwenyewe.

"Na hii ni picha nzuri," akaongeza. "Landsat ya Wamarekani, iliyo angani tangu 1972, pikseli yake ni mita thelathini."

Nilikaa kwenye kochi nikiwa na chai na chapati ya kwanza, nikakumbuka kumi kwa kumi nyingine.

Tarehe 11 Mei 2018, kisanduku cha sentimita kumi kwa kumi kwa kumi, chenye uzito wa kilo moja na kidogo, kilisukumwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Jina lake 1KUNS-PF, na kilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikiandaa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, baada ya kushinda nafasi katika mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, wa kuzisaidia nchi zinazoendelea. Kilitolewa kupitia maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Kwao neno hilo ni matumaini, kwetu ni kilele cha Kilimanjaro. Waliokuwa wakitazama urushaji ule kutoka Nairobi walikuwa na haki ya kulisikia kwa maana zote mbili.

Kisanduku kile hakikutumwa kuupindua ulimwengu. PF ni safari ya utangulizi. Kazi yake ilikuwa kufundisha: jinsi ya kugawa umeme mdogo wa jua kati ya redio na kamera, jinsi ya kuongea na kitu kinachopita juu ya upeo kwa dakika chache kisha kinazama, jinsi ya kukitengeneza kwa amri tu, kwa kuwa hakuna fundi atakayekifuata huko. Mwaka 2020 kilishuka na kuungua hewani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, ila huyu alifika chini akiwa majivu.

Mwingine hakufika akiwa majivu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilidondoka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni: upana wa mita mbili na nusu, uzito wa kilo kama 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaenda kuichukua na kueleza kuwa ni kipande cha chombo cha kurushia. Nilipomtajia mama yule vipimo, alikiangalia chumba chake kwa jicho la fundi. "Ingeingia," akasema. "Lakini sisi tungetoka."

Shirika hilo lenyewe liliundwa mwaka 2017. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Aprili 2023, baada ya hali ya hewa kuahirisha safari zaidi ya mara moja, roketi ya Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, na Taifa-1 ndani yake. Ukitaka kuielewa Taifa-1, chukua kisanduku cha 2018 kisha upange vitatu kimoja juu ya kingine, kama fleti ya ghorofa mbili: sentimita kumi kwa kumi kwa thelathini. Iligharimu shilingi milioni 50, na ilitengenezwa na wahandisi wa Kenya katika SayariLabs pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Hii ndiyo iliyopewa kazi halisi, kubeba kamera ya kuipiga picha ardhi ya Kenya katika rangi ambazo nyingine jicho haliwezi kuziona, kwa ajili ya mashamba, misitu, ukame na maji.

Mwenyeji wangu alikuwa ameutazama urushaji ule kwenye simu, hapa hapa Mathare, pamoja na wenzake. "Tulipiga kelele hadi jirani akadhani ni mpira," alisema. "Halafu mmoja akauliza: sasa itatuona?"

Mimi nilikulia mahali ambapo swali lilikuwa kinyume. Kaskazini ya Malindi, kwenye ghuba ya Ngomeni, yamesimama baharini majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyaleta katika miaka ya sitini. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa maji yale. Alituhadithia siku za kuzuiwa kupita na ngalawa, kisha moto unapaa kutoka baharini, mchana kweupe, na mshindo unafuata baadaye kama mtu aliyechelewa harusini. Swali lake halikuwa kama roketi zinamwona. Alitaka kujua zinaenda kutazama nini.

Jibu nililipata nikiwa mtu mzima. Mojawapo ya mioto ile ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Setilaiti iliyobebwa siku hiyo ilipewa jina Uhuru na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi, kuwashukuru wenyeji. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta miale ya eksirei inayotoka angani. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, na kabla ya hapo, kwa kawaida, wanasayansi waliiona kwa dakika chache tu, kila waliporusha roketi ndogo juu ya hewa ikaanguka. Uhuru ilikaa huko hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimetameta kwa namna iliyowafanya wanasayansi waanze kuamini kwa dhati kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza sayansi ya setilaiti hiyo, alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko digrii tatu tu kusini ya ikweta. Hapo dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa imeshasukumwa. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungevichanganya vipimo vyake. Setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa yale kati ya 1967 na 1988, na zote zilifika. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya juu ya kituo hicho, lakini majukwaa yenyewe yanaliwa na kutu.

Kwa hiyo mwaka 1970 tulitoa bahari, ikweta na jina. Mwaka 2018 tukatoa kisanduku, na 2023 tukatoa kisanduku chenye jicho la kututazama sisi wenyewe. Huo ni mwendo mrefu na sidharau hata hatua yake moja. Ila lile swali la "itatuona?" lilikuwa bado linanidai jibu, nami nilikuwa nimekaa ndani ya sehemu ya kumi ya pikseli.

Tulimaliza chai, tukaanza kuteremka mtoni.

Mto Mathare siku hiyo ulikuwa mwembamba, maji ya rangi ya chai ya rangi, bata wawili wakipekua taka. Haikuwa rahisi kuamini ulichofanya usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, ulipopanda ukaingia vyumbani watu wakiwa wamelala. Kwenye ukuta mmoja wa mawe mwenyeji wangu alinionyesha mstari wa tope, juu ya bega langu.

"Usiku ule setilaiti zilikuwa wapi?" nikamuuliza.

Alinijibu kama mtu aliyewahi kulifikiria sana. Setilaiti za picha za kawaida hazikuona kitu, maana pazia lao ni mawingu, na mafuriko hayaji bila mawingu. Zipo za rada, zinazopenya mawingu na giza, lakini wakati ule Sentinel-1 ilikuwa imebaki moja ikifanya kazi, na ilirudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 12. Mto wa bonde kama huu huja saa sita usiku, na kufikia asubuhi umeshaondoka na mali ya watu. "Rada inafaa kwa Tana," alisema, "Tana hutulia wiki mbili mashambani. Mathare haingoji."

Wiki chache baada ya maji wakaja matingatinga. Serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, na nyumba zikabomolewa. Tulisimama penye ukanda ulioachwa wazi, ambao tayari ulikuwa umeota sukuma wiki na goli moja la mpira lisilo na wavu.

"Mita 30 kutoka wapi?" kijana akauliza, si mimi bali mto. "Ukingo wa leo au wa Aprili? Kwenye picha ya pikseli ya mita kumi, mita 30 ni vigae vitatu. Ukikosea kigae kimoja umekosea nyumba kumi."

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia Malindi. Setilaiti haipotei kwa sababu ni mbovu. Inaona paa, na Mathare haikuandikwa kwenye paa. Bati moja linaweza kufunika chumba kimoja au vinne. Fleti ya ghorofa saba na kanisa la mabati vinaweza kulingana kwa upana. Bomba la maji, choo cha kulipia, kichochoro ambacho mwanamke hapiti baada ya saa mbili usiku, vyote havina rangi yao angani. Wataalamu husema picha lazima ihakikiwe ardhini. Mathare wanasema kwa ufupi zaidi: shuka uone.

Na walishuka. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za mtandaoni ulikuwa kama uwanja mtupu. Baada ya muda mfupi kazi ikavuka ikaja huku, na kufikia 2011 vijana wa Mathare walikuwa wakizunguka na vifaa vya GPS mkononi, wakiweka vyoo, mitaro, shule na taa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Muungano wa Wanavijiji nao, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na vyuo vikuu, wakatoa mpango wa eneo lote la Mathare mwaka 2012.

Aliniambia jinsi kazi ilivyokuwa. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti nne angalau, zilizo kilomita elfu ishirini juu, kila moja ikitangaza saa yake. Kwa tofauti ndogo za muda kinajua kiko wapi. Lakini kichochoroni unaona uzi mwembamba tu wa mbingu, na ishara hugonga bati hili ikarukia lile, ikafika imechelewa. Ndipo choo cha Mashimoni kinajikuta kimechorwa katikati ya mto. "Tulikuwa tunasimama tu," alisema, "mkono juu, kama watu wa kukemea pepo. Mathe mmoja alituuliza tunamuombea nani."

Mchana tulipanda matatu kuelekea Kasarani, mwendo wa nusu saa foleni ikiwa na huruma. Huko ndiko kiliko RCMRD, kituo cha kanda cha ramani za rasilimali, kilichoanzishwa mwaka 1975 chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Kwa miaka 50 wataalamu wa kituo hicho wamezigeuza picha za setilaiti kuwa habari za mahindi, misitu, ukame na mafuriko kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na kuanzia 2008 kilikuwa mwenyeji wa SERVIR, mpango wa NASA na USAID. Hakuna moto unaopaa Kasarani. Kuna meza, skrini, na watu wanaobishana kama kijani kile ni mahindi au ni magugu. Nilipita pale nikifikiri kwamba tukihesabu mchango wa taifa kwa roketi pekee, tutawasahau hawa, na tukiwahesabu hawa bila wale wa kichochoroni, magugu yataandikwa mahindi.

Tuliporudi Mathare giza lilikuwa limeingia. Mulika mwizi, ile taa ndefu ya serikali, ilikuwa imemwaga mwanga wa manjano juu ya mabati, na nyota hazikuonekana hata moja. Mama alikuwa mlangoni, kikaango motoni, wateja watatu wakingoja.

"Mlikuwa mnatafuta nini mtoni?" akauliza.

Mwenyeji wangu akasita. Kisha akaniambia jambo ambalo asubuhi hakulisema: mama huyu hakuwa akikaa hapa. Chumba chake cha awali kilikuwa kule chini, kwenye ukanda wa mita 30. Mama akapangusa mkono kwenye leso, akaomba simu ya kazi.

Kijana alifungua picha nyingine, ile kali ya kampuni za biashara iliyowekwa nyuma ya ramani, ambayo paa moja moja huonekana. Mama aliisogeza kwa kidole chenye unga, akafuata mto, akavuka daraja la miguu, akasimama.

"Hii ni yangu. Hii yenye tairi."

Palikuwa na kitone cheusi juu ya bati, tairi kuukuu la kuzuia upepo usiezue. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa. Picha ilikuwa ya kabla. Nikaikumbuka Cygnus X-1, iliyo mbali nasi miaka ya nuru kama elfu saba. Miale ambayo Uhuru iliidaka mwaka 1971 ilikuwa imetoka huko kabla mtu yeyote hajajenga piramidi. Kila kitazamwacho kutoka mbali hufika kikiwa kimezeeka, iwe nyota au paa la mama wa chapati. Tofauti ni kwamba nyota haidaiwi kodi ya nyumba.

"Kwenye ramani bado imechorwa," kijana akasema kwa upole. "Nilikuwa nataka kukuuliza kwanza. Niifute?"

Mama hakujibu. Aligeuza chapati, akaingoja upande wa pili uive, akaitoa, akaikunja kwenye gazeti, akampa mteja, akapokea pesa, akazihesabu.

"Futa," akasema. "Sasa hapa je? Mimi niko?"

"Bado."

"Basi niweke."

Kijana akatoka kichochoroni, akanyanyua mkono wenye simu kuelekea ule uzi wa mbingu kati ya mabati mawili, akatulia. Wateja wakatulia naye, bila kujua wanangoja nini.

"Zimefika?" mama akauliza.

"Tatu. Bado moja."

"Iambie ifanye haraka," akasema, akitupa donge jingine kwenye kibao. "Chapati zinapoa."